Rangwi Imezimwa kwa Mkono

Kenta ya Dula ilikwishaipita Soni, na Hidaya Shemdoe alikuwa ameacha kutazama nyuma. Begi lilikuwa katikati ya miguu yake, kompyuta mapajani, na goti lake la kulia lilikuwa likicheza lenyewe, kama la fundi anayekanyaga cherehani.

"Hilo goti litanitoboa gari," Dula alisema. "Lishike."

"Endesha."

"Naendesha, mgosi. Ila unaondoka kama mtu aliyeiba kuku."

Dula alikuwa dereva wa Umoja wa wakulima wa mboga, na kila mtu kwake alikuwa mgosi, yaani bwana kwa Kishambaa, mwanamume kwa mwanamke, hata shehe. Nyuma ya gari alikuwa amepakia makreti ya brokoli na karoti anayapeleka Mazinde, huko chini kwenye barabara kuu. Hidaya angeshukia hukohuko, adake basi la Arusha. Kazi mpya ilikuwa ikimngoja kesho asubuhi. Waliomwajiri walimwambia kwa upole kabisa kwamba asipokuwepo asubuhi, wapo wengine wanaoitaka.

Si kwamba Arusha alikuwa anaipenda. Hakuwa amekaa huko hata wiki. Hidaya alizaliwa Magamba, pembeni mwa msitu, nyumba ya mtu wa kupasua mbao, na tangu alipojua njia ya kushuka mlima hakutulia. Alisoma kidogo Tanga, kidogo Dodoma, cheti kimoja akakichukua na kingine akakiacha njiani. Alitengeneza simu Korogwe, akapanda minara Handeni. Popote alipokaa, siku za mwanzo alikuwa mchapakazi wa kusifiwa, kisha goti likaanza kucheza. Mama yake alikwishaacha kumuuliza atarudi lini. Siku hizi humuuliza tu yuko wapi.

Kwenye kona moja kali aliona plasta ya kidonda imebandikwa kwenye dashibodi ya gari, nyuma ya usukani.

"Umeiumiza?"

"Taa hiyo. Ya joto la injini. Kila nikipanda inawaka nyekundu, na injini yenyewe baridi tu. Fundi wa Mombo akasema ni waya. Sasa nitazame taa au nitazame kona?"

Hidaya akacheka. Walikuwa wakiingia Mombo, na joto la bondeni lilikuwa limeshaanza kupenya madirishani, simu ilipolia. Alikuwa Selina, katibu wa Umoja, mwanamke wa Tanga mjini aliyeletwa Lushoto na kazi, mnyoofu, mtu asiyependa karatasi ikae upande.

"Dada Hidaya, umefika wapi?"

"Tunaingia Mombo."

"Nimekupigia kukushukuru tu. Ile skrini uliyotufungia ofisini imeanza kazi hata hujafika chini. Imemkamata mzee Mbaraka."

"Imemkamata vipi?"

"Rangwi nyekundu. Nimebonyeza kama ulivyonifundisha, nikaona: umeme umezimwa kwa mkono. Si kukatika, kwa mkono. Na si mara moja. Halafu sisi tunahangaika brokoli zetu zinafika kwa mnunuzi zimegeuka manjano. Mwenyekiti ameitisha kikao leo baada ya Alasiri. Mzee ataacha ufunguo, nadhani. Inasikitisha, ila bila wewe tusingejua."

Hidaya alisema sawa, akasema asante, akaiweka simu juu ya kompyuta. Goti likasimama. Dula akamtazama kwa jicho la pembeni, maana kusimama kwa goti lile kulimtisha kuliko kucheza kwake.

Mzee Mbaraka ndiye alikuwa mtunza chumba cha baridi cha Rangwi. Hidaya alipokwenda huko kufunga mitambo ya mtandao alilala nyumbani kwake, akala ugali wake, na mkewe Tatu alimchemshia maji ya kuoga kila jioni kwa sababu maji ya Rangwi yanauma. Sasa alikuwa amemfanyia hisani ya kumfukuzisha kazi.

Na kilichomkera zaidi ni kwamba alijua ile skrini ilikuwa imejengwa nusu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Umoja ulikuwa na vyumba vya baridi vitatu: Magamba, Rangwi, na Mazinde, ambako mboga zilisubiri malori ya mjini. Kila chumba kilikuwa na kisanduku ukutani ambacho kazi yake ni kuandika tu. Mlango ukifunguliwa, kinaandika mstari. Mota ikiwaka, mstari. Umeme ukipotea, joto likipanda, mstari. Mafundi huiita mistari hiyo logi. Zamani ilibaki humohumo ndani ya kisanduku, na ukitaka kujua Rangwi kumetokea nini, ulipanda Rangwi. Hidaya alipewa kazi mbili. Kwanza, aifanye mistari yote ishuke kwa mtandao ikusanyike ghala moja, kwenye kompyuta ya ofisini Lushoto. Pili, aliunganishe ghala hilo na dashibodi, ile skrini kubwa ya ukutani, ili katibu akiingia na chai yake mkononi aone kila kituo kwa rangi: kijani salama, nyekundu hatari.

Ya kwanza aliifanya vizuri. Ya pili aliifanya mguu mmoja ukiwa nje. Visanduku vilinunuliwa nyakati tofauti, na kila kimoja kiliandika joto na mlango kwa mpangilio wake; ilibidi dashibodi ifundishwe kusoma kila kituo peke yake, na ni kazi ya kuchosha kama kuchambua mchele wenye changarawe. Mistari ya umeme peke yake ndiyo iliyofanana kote. Basi akaunganisha umeme, skrini ikawaka rangi nzuri, watu wakapiga makofi, naye akajiambia hayo mengine atayamalizia akiwa Arusha. Ukuta ule ulikuwa unajua jambo moja tu, na ulikuwa unalisema kwa sauti kubwa.

Walifika Mazinde jua likiwa kali. Dula akapakua makreti, akayapanga ndani ya chumba cha baridi, kisha akaufunga mlango kwa kuupiga bega.

"Huu mlango siku hizi unataka mwanamieleka," alisema akijifuta. "Ukiusukuma kwa mkono unakurudia usoni."

Hidaya alikuwa amekaa juu ya kreti tupu kwenye kivuli cha ukuta, kompyuta imefunguka, mtandao wa barabarani unakwenda kasi. Aliingia kwenye ghala la Lushoto na kuanza kuuliza.

Swali la kwanza lilikuwa pana mno: kila kitu cha Rangwi. Mistari ikamiminika kama mahindi kwenye gunia lililochanika. Mota imewaka, mota imepumzika, mlango umefunguliwa, mlango umefungwa, mota imewaka. Akapunguza. Rangwi, umeme tu. Akapunguza tena: ondoa pale ambapo umeme ulikatika na kurudi wenyewe, kwa sababu huko milimani hilo ni la kila wiki na halina mwenyewe. Ikabaki mistari michache, yote inasema neno moja. Umezimwa kwa mkono. Umezimwa kwa mkono. Ilikuwa imetawanyika mwaka mzima bila mpango: hapa usiku wa siku tatu mfululizo, kisha kimya cha wiki nyingi, kisha usiku mmoja.

Selina hakukosea kusoma. Hidaya akampigia mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeshafika Arusha?"

"Niko Mazinde. Mzee, wanasema umekuwa ukizima chumba."

"Nimekuwa nikizima."

Alilisema kama mtu aliyeulizwa kama amekunywa chai.

"Kwa nini?"

"Palikuwa na shughuli."

"Shughuli gani, usiku?"

Jogoo aliwika upande wa pili, huko Rangwi. Mzee akakohoa kidogo.

"Mama yako Tatu anakusalimu. Anasema uliacha kanga yako kambani, ataikunja akuwekee."

"Mzee, leo watakufukuza."

"Nimesikia. Nimeshavaa koti, nasubiri gari ya kushuka."

"Basi niambie nikusemee."

"Wewe safiri, mwanangu. Ukifika utujulishe," akasema, na simu ikakatika.

Hidaya alikaa akiitazama ile mistari mpaka macho yakamwasha. Mtu anakiri, hajitetei. Basi ikiwa hasemi yeye, itabidi kisanduku kiseme. Kile cha Rangwi kilikuwa kimeandika na joto, na mlango. Ni dashibodi tu ambayo haikufundishwa kuyasoma. Ghalani mistari ipo. Akauliza: Rangwi, joto, usiku ule ule wa kuzima. Ilikuja imevurugika mpangilio, akaisoma mmoja mmoja kwa kidole kwenye kioo, akitegemea kuona namba zikipanda.

Hazikupanda. Zilijivuta kidogo juu kuelekea alfajiri, kidogo sana, ndani ya kiwango, kisha umeme ukawashwa zikarudi chini. Rangwi ni baridi, na chumba kile kina kuta nene. Lakini kuta peke yake hazitoshi kama watu wanaingia na kutoka. Akauliza mlango. Usiku wote wa kuzima, mlango haukuwa na mstari hata mmoja. Mtu alikuwa amehakikisha haufunguliwi.

Basi brokoli ziliozea wapi?

Akaliacha jina la Rangwi, akauliza vituo vyote: ni mlango upi umekaa wazi kupita kiasi? Jibu lilijaa neno moja kutoka juu hadi chini. Mazinde. Mazinde. Mazinde.

Akainua macho. Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa pale, hatua chache kutoka alipokaa. Dula alikuwa ameupiga bega, nao ulikuwa umeshamrudia. Kati yake na fremu palibaki mwanya wa kidole, na kwenye mwanya ule moshi mweupe wa baridi ulikuwa unatoka taratibu na kupotelea kwenye joto la Mazinde. Ule mpira wa pembeni mwa mlango ulikuwa umeliwa umebaki kama ufizi.

"Dula," alisema, "huu mlango uko hivi tangu lini?"

"Si nilikwambia? Tangu masika. Mlinzi amesema, amesema, amechoka kusema."

Hapo ndipo basi la Arusha likaingia kwa honi. Kondakta alikuwa na haraka kama wote. Kabla Hidaya hajasimama vizuri begi lilikuwa limeshatupwa kwenye buti. Akaweka mguu ngazini. Ilikuwa rahisi kabisa kupanda. Angeweza kumpigia Selina simu akiwa kitini, amweleze, na Selina angesikiliza, kisha kikaoni wangeuliza umeona wapi, na ukutani pangekuwa na nyekundu ileile. Watu huamini ukuta.

Akaushusha mguu.

"Naomba begi langu."

"Dada, unasafiri au unatupima?" kondakta aliuliza.

"Nilikuwa nasafiri."

Kondakta alilitoa begi huku akilinung'unikia mpaka abiria wakacheka. Basi likaondoka. Dula alikuwa akipanga makreti matupu ya kurudisha mlimani. Alifungua mlango wa upande wa pili, akapangusa kiti.

"Panda, mgosi," akasema. "Goti utaliacha huku?"

Wakapanda mlima. Kabla ya kona za Soni Hidaya alikumbuka kwamba pale Rangwi, ukuta kwa ukuta na chumba cha baridi, anakaa mama mmoja anayeitwa Paskalina, muuza maandazi karibu na misheni. Akampigia. Hakuzunguka.

"Mama Paskalina, shikamoo. Nataka kuuliza kitu. Ule usiku wa kuamkia Jumapili, kabla ya Pentekoste, hapo kwenu palikuwa na nini?"

"Wewe mtoto, unauliza nini? Ndiyo siku tulikesha na maiti ya mume wangu."

Hidaya akampa pole. Kisha akachagua usiku mwingine kwenye kioo.

"Na ule wa siku tatu, wakati wa kuvuna viazi?"

"Huo wa nyumba ya Sharifu, chini ya mgomba. Baba yao. Si walikaa matanga mpaka siku ya tatu." Sauti yake ikabadilika. "Nani anakuuliza haya?"

Ikabidi aeleze. Paskalina alisikiliza, kisha akasimulia upesi upesi kama mtu asiyetaka kusikika na jirani. Chumba cha baridi kina waya mnene kuliko nyumba zote za pale. Mtu akifariki, watu wanakuja kutoka vilima vyote, wanalala nje, wanapika, wanachota maji gizani kwenye mteremko. Sola ya taa moja haitoshi. Mzee Mbaraka anavuta waya mrefu kutoka chumba cha baridi mpaka kwenye nyumba ya msiba. Mota na taa za msiba havikai pamoja, fyuzi inaruka, kwa hiyo anazima mota. Kisha anakaa kwenye kiti mbele ya ule mlango mpaka kunakucha, mtu asiufungue. Kwa Wakristo, kwa Waislamu, haulizi. Hakuna anayemwomba. Waya unafika tu.

"Kwa nini hasemi?" Hidaya aliuliza.

"Aseme nini? Aseme kikaoni, fulani nilimwashia taa alipofiwa? Huko si kusimanga? Nitapitaje mlangoni kwake tena?" Akashusha pumzi. "Nenda kamsaidie. Lakini jina la maiti usilitaje. Hata la mume wangu usilitaje. Sikia, hapa Rangwi hakuna nyumba ambayo waya ule haujafika. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

Dula alikuwa amesikia yote. Alikata kona mbili, akapunguza gia.

"Sasa utawaambia nini?" aliuliza mwishowe.

"Jina la maiti, hapana. Endesha."

Sala ya Alasiri ilikuwa imekwisha walipofika Lushoto. Ofisi ya Umoja ilikuwa na meza ndefu, wajumbe wameizunguka, thermosi ya chai katikati. Kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango alikaa mzee Mbaraka, koti limefungwa mpaka kifungo cha juu, kofia juu ya goti. Alipomwona Hidaya alisikitika, kama baba aliyeona mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule.

"Onga mshi," alimsalimu kwa Kishambaa, taratibu. "Kwani basi lilikuacha?"

"Nililiacha mimi, mzee."

Mwenyekiti alikuwa Yunis Shekalaghe, mzaliwa wa Rangwi ambaye siku hizi alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapo mjini, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Nyuma yake skrini ilikuwa ukutani: Magamba kijani, Mazinde kijani, Rangwi nyekundu kama pilipili.

"Bi Hidaya, tuliambiwa umesafiri."

"Shikamoo, mwenyekiti. Nimerudi kwa sababu hiyo skrini haijaisha. Nilivyoiacha inaonyesha umeme tu. Naomba mnywe chai, niunganishe joto."

Selina alimwangalia. "Haijaisha? Ulinikabidhi."

"Nilikukabidhi nusu. Nilikuwa na haraka."

Wakanywa chai. Yeye akakaa pembeni akaifundisha dashibodi kusoma Rangwi: neno la kwanza ni kituo, linalofuata ni tarehe, halafu hili hapa ndilo joto. Akaliunganisha. Skrini ikapepesa, na Rangwi ikaonekana ina joto la kuyeyusha sufuria, maelfu ya nyuzi.

"Mzee Mbaraka," mjumbe mmoja alisema, "unatunza mboga au unachoma matofali?"

Wakacheka wote, hata mzee akatabasamu. Hidaya aliona alipokosea: dashibodi ilikuwa imeuchukua mwaka ikaufanya joto. Akasogeza. Ikakaa. Mbele yao ukatokea mstari wa Rangwi, umenyooka chini karibu mwaka mzima, na pale ambapo umeme ulizimwa ulikuwa umeinuka kidogo tu, kama shuka juu ya mtoto aliyelala. Kisha akaleta Mazinde, joto na mlango. Mstari wa Mazinde ulikuwa unapanda na kushuka kama barabara ya kwenda Mtae, na chini yake: mlango wazi, mlango wazi, mlango wazi. Rangi ya Mazinde ikageuka nyekundu yenyewe.

Selina aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo brokoli hazikuharibikia Rangwi."

"Hapana. Ni mpira wa mlango wa Mazinde. Nimeuona leo kwa macho."

"Na mimi nimeshampigia kila mjumbe nikasema ni Rangwi." Aligeuka kwa mzee. "Mzee wangu, unisamehe."

"Umetazama ulichoonyeshwa, mwanangu," mzee alijibu.

Ingeishia hapo kama mwenyekiti angekuwa mtu wa kuachia. Alizungusha kikombe chake juu ya meza.

"La mboga tumelielewa," alisema. "Lakini mimi nina swali langu. Mtambo huu ni wa watu. Mtu anauzima kwa mkono wake, usiku, mara kwa mara, na hamwambii katibu wala mimi. Safari hii mboga hazikuoza. Na safari nyingine? Mzee Mbaraka, ulizima kwa nini?"

"Palikuwa na shughuli, mwenyekiti."

"Shughuli gani?"

Mzee alitazama kofia yake.

"Nakuuliza kwa heshima. Wewe ni mkubwa kwangu. Lakini siwezi kutoka hapa nikawaambia wakulima palikuwa na shughuli. Sema, au acha ufunguo."

Mzee Mbaraka aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa ufunguo uliofungwa kwa kamba ya katani, akanyanyuka, akauweka mezani karibu na thermosi. Akarudi kukaa. Hakuonyesha hasira. Alianza kuivaa kofia.

Hidaya alihisi goti linaanza kucheza chini ya meza. Neno lilikuwa mdomoni mwake, na sauti ya Paskalina sikioni. Jina la maiti usilitaje. Basi hakulitaja. Aliandika swali la mwisho siku ile: Rangwi, umezimwa kwa mkono, tangu kisanduku kilipofungwa, nipe tarehe tu, kila moja kwenye mstari wake. Akalipeleka ukutani kwa herufi kubwa.

"Mwenyekiti," alisema, "naomba uzisome hizo kabla hujauchukua ufunguo. Wewe na wote mliotoka upande wa Rangwi. Mimi sina la kuongeza."

Wajumbe wakageuza viti. Mwanzoni walisoma kama watu wanaosoma namba. Kisha mjumbe mmoja mzee, yule aliyeuliza habari za matofali, akaacha kunywa chai. Alihesabu kwenye vidole, akatazama tena ukutani, akavua kofia akaiweka mezani. Mwenyekiti alikuwa bado anashuka na orodha, midomo ikitembea. Akafika kipupwe cha mwaka uliopita, usiku wa siku mbili zinazofuatana, na hapo midomo ikasimama.

Hidaya hakujua. Ni baadaye Dula alimwambia. Usiku wa siku zile mbili ulikuwa wa msiba wa mama yake mwenyekiti. Maiti ilipelekwa kuzikwa Rangwi, watu walijaa mpaka kwenye migomba, na uwanja mzima ulikuwa unawaka taa. Mwenyekiti alikuwa amefiwa, alipokea mikono ya watu, alikula alichopewa. Hakuuliza taa zilitoka wapi. Nani huuliza?

Yunis Shekalaghe alikaa akiitazama ile tarehe. Mwishowe alinyoosha mkono, akauchukua ufunguo, akasimama na mwili wake wote, akaenda nao mpaka mwisho wa meza. Akampa mzee Mbaraka kwa mikono miwili. Mzee akaupokea kwa mikono miwili. Macho yao hayakukutana, kila mmoja akimchungia mwenzake heshima.

Mwenyekiti akarudi kitini.

"Tuendelee," akasema.

Selina, ambaye ni wa Tanga na hakuzika mtu Rangwi, alikuwa ameshika kalamu hewani. "Mwenyekiti, niandike nini kwenye muhtasari?"

"Andika mpira wa mlango wa Mazinde ubadilishwe."

Mpira ulibadilishwa. Brokoli zikaacha kugeuka manjano, kwa sababu hiyo angalau.

Hidaya alikaa Lushoto mpaka alipoimaliza dashibodi yote, na kabla hajaondoka aliiongezea rangi ya tatu, njano, kwa kituo kilichozimwa kwa mkono na joto lake liko salama. Kazi ya Arusha alikuta wameshampa mwingine. Alikwenda Singida, akatoka, akaenda Mpanda. Mama yake anajua yuko wapi, kwa kiasi.

Mwenyekiti alinunua jenereta ndogo kwa ajili ya misiba ya Rangwi. Inapiga kelele, na watu wanapendelea waya.

Dula injini yake iliungua kwenye kona za Soni. Taa ilikuwa imepona siku nyingi, ila plasta ilikuwa bado imeifunika. Sasa anaendesha gari la mtu mwingine.

Paskalina anauza maandazi palepale.

Tatu, mke wa mzee Mbaraka, alifariki mwaka uliofuata. Usiku ule Rangwi ilionekana njano, na Selina alipoingia ofisini asubuhi, habari zikiwa zimeshafika, hakumpigia mzee kumuuliza kuhusu chumba. Alimpigia kumpa pole. Tangu hapo ofisini wakazoea. Rangwi ikiwa njano, mtu hupiga simu kuuliza ni nani. Selina amehamia Tanga kwao, na aliyemrithi naye hufanya hivyo.

Mzee Mbaraka aliuacha ufunguo kwa hiari yake, magoti yakiwa yamemchosha, akamkabidhi Hamza, mtoto wa dada yake. Alimwonyesha mota, akamwonyesha kisanduku, akamwonyesha waya mrefu unaoning'inia nyuma ya mlango. Kanga ya Hidaya ipo kwake, imekunjwa.